Meza ya Charahani

Kichwa chake aliuza baba, mwaka ule wa karo,
kwa fundi mmoja wa Majengo.
Ikabaki meza, miguu ya chuma, kanyagio,
na tundu katikati ya ubao
kama pengo la jino.

Miaka kumi na mmoja ilibeba madebe ya unga.
Juzi nimeitua madebe
nikaipandisha ghorofani, kwa ngazi za Kibokoni
ambazo kila kidato hudai pumzi yake,
mimi mbele, Shee Mbwana nyuma,
akinilaani kwa adabu.

Nilianza kwa makosa.
Niliiweka dirishani, nipate upepo na mandhari,
nikashinda kutwa naandika wapitao:
mkokoteni wa maji, paka wa msikitini,
yule wa gesi agongaye mtungi kwa spana.
Halikuwa shairi. Ulikuwa ushahidi wa polisi.
Nikatia asumini kikombeni; nikawa nainusa tu.
Nikanunua Marikiti kalamu tano, rangi tano;
ya kijani ikavuja, ikanipaka wanja kidoleni.

Basi nikaigeuza.
Sasa yatazama ukuta,
pale chokaa ilipobambuka, jiwe la matumbawe likachungulia,
na ndani ya jiwe vijitundu
vya mdudu wa bahari aliyejijengea chumba
kabla hapajawa na mji wala kodi ya nyumba.
Huyo ndiye mwenzangu kazini.

Tundu la meza nimeliziba kwa ubao wa sanduku la chai.
Halikuzibika sawasawa.
Kalamu hutumbukia humo, nami huinama kuipapasa,
na niinukapo
neno nililokuwa nalo limekwisha kuondoka.

Droo ya kushoto: vifungo saba vya kanzu,
chaki bapa, na kikaratasi:
*Kiuno 34. Bega 17. Atalipa Ijumaa.*
Ndio mwandiko pekee wa mama nilio nao.
Sijui kama alilipwa.

Na kanyagio, hili sikulipanga.
Miguu hukanyaga yenyewe nikiwaza,
gurudumu lazunguka bila mkanda,
nane, kituo, nane tena,
mizani yapanda kutoka kisiginoni.
Mstari ukipungua silabi
mguu hujua kabla ya sikio.

Usiku wa nne, hodi.
Bi Zuwena wa chini, kanzu mkononi:
"Nasikia charahani. Mungu kairejeza kazi ya mamako.
Nipunguzie pindo hili. Ni ya Athmani, yuwaja Idi."

Nikamwonyesha: hapana sindano, hapana uzi,
pana daftari na mimi.
Akatazama karatasi. Akatazama mguu wangu,
ulikuwa bado watikisika.
Hakucheka. Aliketi juu ya debe.

"Athmani haji," akasema. "Mwaka wa tatu huu haji.
Simu yake hulia mpaka ikachoka.
Basi kama washona maneno, nishonee hayo.
Yasiwe marefu,
asije akayakunja kabla ya kuyasoma."

Nikakanyaga.
Yeye akipima, mimi nikikata.
"Hilo lambana, legeza."
"Hapo umeniacha mtupu, rudisha kitambaa."
Neno *nimekusamehe* alilitia, akalifumua,
akalitia tena, akalifumua,
mwisho tukaliacha nje
na badala yake tukaandika kwamba
mpapai wa uani umezaa.

Ilipoadhiniwa alfajiri akashuka na barua.
Shairi nililoitengenezea meza hii
bado sijaliandika.
Kanzu imebaki msumarini, kando ya jiwe,
sijui kaisahau, sijui kaiacha,
na upepo ukiingia mkono wake mmoja hunigusa bega.

Nimefungua droo, nikakitoa kile kikaratasi,
na chini ya mwandiko wa mama
nimeandika kwa mkono wangu:
*Bi Zuwena. Barua moja, fupi.
Amelipa: mahamri manne.*